Pemba Isiyo na Bahari

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na desturi ya kulowesha chaki kwa ulimi ili isilie ubaoni, na kabla ya kutaja mahali popote nje ya kisiwa alichungulia dirishani kwanza. Miaka ile baada ya Mapinduzi, kuvukia Mombasa bila ruhusa kulimpeleka mtu jela. Basi yeye alituchorea Pemba tu, akianzia juu, Kigomasha, na kuteremka kwa mkono wa jasho hadi Kisiwa Panza, kisha akamwita kila mtoto aweke nukta pale alipo baba yake asubuhi hiyo. Gombani ilijaa nukta, Mgogoni ilijaa, nasi tukisukumana kwa raha.

Siku bwana mmoja wa chama alipokuja kukaa nyuma ya darasa, mwalimu alichora ramani ila akaliruka zoezi lile. Lakini mwenzetu mmoja, Time, kwa mazoea, alikwisha kusimama. Aliweka nukta yake juu kabisa, nje ya kisiwa, upande wa Mombasa.

"Babaangu yuko huku," alisema. "Kenda juzi."

Mwalimu aliushika mkono wake, akauteremsha taratibu hadi chini ya ramani. "Kisiwa Panza, mwanangu. Kwa shangazi yako." Nukta ya juu akaifuta kwa kiganja, na ilipokwisha akaendelea kufuta.

Tangu siku hiyo aliichora Pemba kubwa mno, ikagusa kingo za ubao pande zote. Mtoto aliyetaka kuweka nukta nje ya kisiwa angeiweka ukutani.