Makazi ya Kanali Gadberry

Kanali Lysander Gadberry hakuwahi kupigana vita yoyote, hata ya majogoo. Ukanali aliupata hapa hapa kwetu Indiana, enzi zile wanaume wote walipotakiwa kukusanyika mara moja kwa mwaka kufanya gwaride. Bunduki hazikutosha, tukabeba mabua ya mahindi begani, na kwa kuwa yeye alikuwa na sauti nene na kofia nzuri, tukamchagua atuongoze. Adui yetu wa pekee siku ile alikuwa pipa la wiski, na tulilimaliza kabla ya chakula cha mchana. Cheo hakikumtoka tena.

Alikuja kutoka Kentucky na mkoba mmoja wa ngozi. Alijaribu ualimu, watoto wakamshinda. Alijaribu uwakili, wateja wake wakafungwa. Ndipo alipoigundua kazi ambayo mtu haulizwi anajua nini, akaingia kwenye siasa. Akipanda juu ya kisiki na kuanza kunena, wanawake walitoa leso, na wanaume walisahau kwamba ng'ombe hawajakamuliwa. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, na sisi tulikuwa rahisi kuliko nyoka. Kila mtu alimwita binamu. Siku moja alimbusu mtoto niliyempakata, akasema mimi na mtoto tumefanana pua kabisa. Mtoto mwenyewe alikuwa wa jirani.

Alimwoa Permelia Stroud, binti wa mzee aliyejenga nyumba imara kuliko zote kwetu, ya mbao za mwaloni, kando ya kisima kisichokauka. Mzee alipofariki, nyumba ilikuwa ya Permelia kwa haki, ila kwa sheria ilikuwa ya mumewe, maana enzi hizo mke hakumiliki hata sindano yake. Sheria zenyewe zilitungwa na akina Gadberry, kwa hiyo usishangae.

Bunge la jimbo lilikaa majira ya baridi tu. Kanali alikaa mji mkuu mwaka mzima.

"Shughuli za wananchi, binamu," aliniambia. "Hazina kiangazi wala masika."

Katika miaka yake yote bungeni alipitisha sheria moja, ya kukataza watu kuoga mtoni bila nguo siku ya Jumapili. Huku nyuma Permelia alilima, alichinja nguruwe na kuchemsha sabuni peke yake. Ukimuuliza mumeo yuko wapi, alijibu, "Yupo, anatutumikia." Nilimheshimu sana mwanamke yule. Mumewe nilimpigia kura, na mpaka leo sijui kwa nini.

Basi ikatokea hoja ya wilaya mpya. Sisi wa upande wa magharibi tulichoka kukanyaga matope kutwa nzima kwenda mahakamani, tukataka wilaya yetu wenyewe. Kanali akapanda kisiki, akaahidi. Ajabu ni kwamba safari hii alitimiza. Alirudi na sheria iliyopigwa mhuri na ramani ambayo mstari wake aliuchora kwa mkono wake, ukifuata katikati ya kijito cha Fisimaji. Wilaya ilipewa jina la Gadberry. Tulichoma nguruwe mzima, na yeye akatangaza kwamba atagombea kuwa mwakilishi wa kwanza wa wilaya hiyo.

Enos Twitchell, mwenye kinu, ambaye naye alikitaka kiti hicho, alikuwa akitafuna ubavu wa nguruwe. Akafuta midomo taratibu.

"Kanali, hebu nikumbushe. Nyumba ya mzee Stroud ipo ng'ambo gani ya kijito?"

Ilikuwa ng'ambo ile nyingine. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kanali alikuwa amekichora kila kisiki chetu ndani ya wilaya na kuiacha nyumba yake nje, na sheria ilisema wazi kwamba mgombea lazima awe mkazi wa wilaya siku ya kupiga kura. Nadhani alipochora hakukumbuka hata kama ana nyumba.

Akaenda haraka kupanga chumba mjini kwetu. Hakimu Ambrose Keel, mzee mkavu asiyecheka, akamkatalia. "Mwanaume mwenye mke, makazi yake ni pale alipo mke wake na vyungu vyake," alisema. "Mlete mkeo, nitaandika jina lako."

Kanali akamwendea Permelia. Mimi nilikuwa uani pale nikirekebisha nira.

"Siondoki katika nyumba ya baba yangu," Permelia alisema.

"Mke wangu, ni kwa ajili ya wananchi."

"Nimeshasema, Lysander. Nyumba hii siiachi."

Kanali akatabasamu lile tabasamu lake la kisikini. "Basi usiiache. Utakwenda nayo."

Kuhamisha nyumba kwetu si jambo geni. Unaiinua kwa mitaimbo, unaisukumia magogo ya duara chini, unaifunga minyororo kwa maksai, na majirani wote wanakuja kusaidia na kunywa. Maksai wangu walikuwa wa mbele. Permelia alikataa kutoka. Aliketi jikoni akifuma soksi, mlango wazi, na nyumba ilipoanza kutambaa aliniita.

"Jubal, ulishawahi kuona kisima chenye magurudumu?"

"Hapana, mama."

"Hata mimi. Nitakuwa nachota maji wapi?"

Nilitazama kile kisima kikibaki nyuma peke yake na nikaona uchungu moyoni.

Mkesha wa uchaguzi tulifika kijitoni. Maji yalikuwa haba, tukashuka vizuri, lakini katikati magogo yakazama kwenye tope, na nyumba ikakaa pale. Tulivuta, tukatukana, tukanywa, tukavuta tena. Haikusogea. Sebule na chumba cha kulala vilikuwa wilaya ya Gadberry. Jiko lilikuwa wilaya ya zamani.

Kulipokucha, siku ya kura, Hakimu Keel aliitwa, akaja juu ya nyumbu wake, na nusu ya wapiga kura nyuma yake.

"Anakula upande ule," Twitchell alisema. "Si mkazi wetu."

"Mtu hukaa anapolala," Kanali akajibu, "na chumba changu kipo huku mbele."

Hakimu alikuna kidevu. "Sawa. Ingia ulete nguo yako ya kulalia. Tuone inatoka mlango upi."

Mlango wa mbele na madirisha yote vilikuwa wazi, tukaona kila kitu. Kanali alipita sebuleni kwa madaha, akafungua mlango wa kwanza. Ilikuwa stoo. Mitungi ya jemu ikamporomokea miguuni. Akafungua wa pili, akakutana na ngazi ya darini na vitunguu vimening'inia. Watu walianza kucheka chini chini. Permelia hakuinua macho kutoka kwenye soksi yake.

"Wa kushoto, Kanali," alisema.

Akaingia wa kushoto. Tulisikia droo zikivutwa na kusukumwa. Mwishowe akatokea na gauni jeupe la kulalia, akaliinua juu mbele ya umati wote. Lilikuwa na lesi shingoni.

"Hilo langu," Permelia alisema. "La kwako lipo mji mkuu. Mimi sijalifua tangu baba yangu yupo hai."

Hata nyumbu nadhani alicheka. Hakimu peke yake hakucheka.

"Bwana Gadberry," alisema, "sasa najua unakoishi, na si ng'ambo yoyote ya kijito hiki. Jina lako siliandiki."

Watu wakatawanyika kwenda kumchagua Twitchell, ambaye hakuwa na uzuri wowote zaidi ya kuijua milango ya nyumbani kwake. Permelia akaja mlangoni mwa jiko.

"Jubal, hao maksai wanaweza kuvuta kurudi nyuma?"

"Njia ya kurudi tumeshaikanyaga, mama, na tope la upande ule si zito."

Nikawafungua, nikawazungusha, nikafunga minyororo upande wa jikoni. Kanali alikuwa ameruka ukingoni, ng'ambo ya wilaya yenye jina lake, gauni bado mkononi.

"Jubal! Hiyo nyumba ni yangu kisheria!"

"Ndiyo, mheshimiwa," nikamwambia. "Lakini maksai ni wangu."

Nikapiga mluzi. Magogo yakalia, nyumba ikajinasua na kuanza kurudi kwenye kisima chake.

"Permelia!" aliita, na safari hii sauti haikuwa ya kisikini. "Na mimi nitalala wapi?"

Permelia alitoa kichwa dirishani, akamtazama vizuri.

"Lala kule unakolalaga," alisema, akafunga dirisha.