Nilivyompeleka Mbwa wa Jirani kwa Bima Yangu

Jirani yangu hapa mtaa wa Sharpstown, Mama Neema, aligonga mlango akilia. Mbwa wake alikuwa amekula sumu ya panya.

"Usijali, Mama Neema, nina bima ya mbwa," nilimwambia, mjuaji mimi. "Twende."

Nilidhani bima niliyomkatia mbwa wangu humfuata mwenye kadi, hivyo mbwa yeyote nitakayemleta atatibiwa. Kliniki walimpokea mbio, wakamchoma sindano. Sisi tukasubiri, Mama Neema akisali kwa sauti.

Hatimaye daktari alitoka, kadi yangu mkononi.

"Bima hii ni ya mbwa jike anayeitwa Malkia," alisema. "Huyu ni dume. Atapona, lakini nani analipa?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mama Neema akanong'ona, "Kaka, si ulisema unajua?"