Bandari Inataka Niwaonyeshe Kaburi la Baba

Leo ni Jumapili, tarehe ishirini na mbili mwezi wa sita. Imetimia miaka sita tangu nitoke kwetu. Admin, jina langu lifiche, na mji wetu nao nisiutaje, maana kule watu wote tunafahamiana.

Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili. Shule niliishia darasa la tano, nisameheni nikiandika ovyo. Naishi kambi ya mkonge Ngombezi, hapa Korogwe, na mke niliyempata huku, Mzigua wa Handeni. Kazi yangu ni kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Nimechoka, lakini kilichonifanya niwaandikie si uchovu.

Kwetu ni kusini, mtaa ulioshikana na ukuta wa bandari. Nilikuwa kuli pale, kama baba yangu. Msidhani nawachukia watu wa bandari. Tulikunywa maji ya bomba lao getini, king'ora chao ndicho kilichotufuturisha Ramadhani. Walipojenga ukuta, makaburi yetu yakabaki kwa ndani, lakini walituachia mlango. Kila mwezi wa Shabani mlinzi alifungua, tukaingia na majembe, tukafyeka, tukasoma dua, tukatoka. Baadaye zikaja mashine za kupakia, makuli tukaambiwa tusubiri nyumbani mpaka tuitwe. Sikuitwa. Nikaja huku.

Sasa bandari inapanuliwa, na pale makaburini wanataka kupanga makontena. Meneja mwenyewe alikuja mtaani, akavua viatu, akakaa mkekani na wazee. Akasema kila familia ije ionyeshe kaburi la mtu wake, wao watalihamisha kwa heshima, shehe akiwepo. Yatakayokosa wa kuyaonyesha watayahamisha kwa pamoja na kuyazika pamoja, kwa sababu hawajui ni ya nani.

Alipoondoka, wazee waliingia msikitini wakasoma Fatiha wakakubaliana: hakuna atakayeonyesha. Anayewaongoza ni baba yangu mdogo, aliyenilea baada ya baba kufa. Hoja yao naielewa. Makaburi yetu hayana majina, yalikuwa na mawe tu, na hayo mawe trekta la kufyeka lilishayavuruga. Wazee wanaamini bandari itaogopa kufukua watu isiowajua. Na njia yetu ya kwenda ufukweni ilipotea vivyo hivyo: watu wawili walikubali, ikasemwa wananchi wameridhia, mara tukaona seng'enge.

Basi dada yangu mkubwa akanipigia akilia. Kwetu wanawake hawaendi kuzika wala kufyeka makaburi. Dada hajawahi kuliona kaburi la baba. Tulioshuka kumlaza ni mimi, baba mdogo, na kaka yetu ambaye naye sasa ni marehemu.

"Nimemwomba baba mdogo anielekeze tu," dada akasema. "Ananiambia hakumbuki! Bao alilofungwa mwaka juzi analikumbuka kete kwa kete, kaburi la kaka yake halikumbuki? Mdogo wangu, watamchanganya baba na watu shimo moja kama mihogo. Njoo uwaonyeshe. Mimi nitasoma dua wapi?"

Nikampigia baba mdogo. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Dada yako kakupigia."

"Ndiyo."

"Basi kaa hukohuko kwenye miba yako. Ukija ukanyoosha mkono, wote watasema umemtoa baba yako ili bandari ikurudishe kazini. Na mimi sitakuwa na la kuwajibu."

"Na wakimchanganya na wengine?"

Akashusha sauti, akasema, "Kaka yangu alibeba magunia na watu hao maisha yake yote. Hawezi kuona haya kulala nao."

Sijawahi kumsikia baba mdogo hivyo.

Nikamweleza mke wangu. Akaacha kumenya mihogo akaniangalia. "Baba Zuhura, kwetu Handeni mzee akishalala amelala, hahamishwi. Lakini huyo wifi yangu naye si mtoto wa marehemu? Au baba ni wa nyinyi wanaume tu?"

Kesho yake kazini nikawa naanika singa juu ya singa, mpaka mnyapara akaniuliza, "Wewe mtu wa pwani, unaanika au unatandika kitanda?" Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa naliona kaburi la baba. Nikifumba macho napaona, na mti ulio karibu nauona. Ni mti gani siandiki hapa, maana najua hata watu wa bandari wanasoma ukurasa huu.

Nikionyesha, baba atapata kaburi lake na dada atapata pa kumwombea, ila nitakuwa nimewafungulia bandari mlango, na aliyenilea hatanisamehe. Nisipoonyesha, dada yangu atakufa hajui baba yake amelazwa wapi.

Mnyapara amenipa ruhusa. Alhamisi napanda basi la Dar, Ijumaa naunganisha la kusini, na Jumamosi kabla ya magharibi nitakuwa nyumbani. Dada anajua. Baba mdogo naye anajua, na amesema atanipokea stendi yeye mwenyewe, jambo linalonitisha kuliko kama angenitukana. Jumatatu asubuhi, siku ya kuonyesha, mlango wa makaburini utafunguliwa. Watu wa bandari watakuwa ndani na vigingi vyao, wazee watasimama nje. Dada ameapa ataingia na mimi, liwalo na liwe.

Nishaurini kabla ya siku hiyo, ndugu zangu, nifanye nini? Meneja ataniuliza baba yangu yuko wapi, na mimi nitakuwa nimesimama miguuni pa baba.