Jina la Mtoto wa Ndirangu

Ukitaka kunicheka, cheka sasa tumalize, kwa sababu haya ninayokusimulia yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa sijaonja hata tone la pombe, na waliokuwepo wako hai.

Mimi hupiga saksofoni. Nilianzia bendi ya kanisa mjini Nyeri, nikahamia jazi, na kila Jumamosi jioni tulipiga, watu wanne, kwenye veranda ya hoteli moja upande wa Mweiga. Mpiga gita wetu alikuwa Ndirangu wa Othaya. Mchana alichuma majani chai, jioni alitunga. Na alivyotunga! Juu ya boma lake zilipita nyaya nne za stima, na yeye akaongeza wa tano, kamba ya kuanikia nguo, zitimie tano kama mistari ya kuandikia muziki. Alikuwa akilala chali kwenye nyasi, anatazama nyota zimekaa wapi kati ya nyaya, kisha anaziandika kama noti kwenye daftari la shule. Nilimtania kwamba siku akianika blanketi tutakosa wimbo. Hivyo ndivyo alivyoupata "Kilimia", wimbo wa zile nyota zilizosongamana ambazo wakulima wa zamani walizitazama kabla ya kupanda. Hatukuwa na wimbo mwingine mtamu hivyo.

Ndirangu hakuoa, hakuzaa. Kwetu jambo hilo lina uzito wake. Mtoto hupewa jina la babu yake, na mtu akishapata wa kulibeba jina lake huwa hajaenda kabisa. Ndirangu hakuwa na wa kumbebea. Mapafu yalipomshinda, aliniita kando ya kitanda, akanipa lile daftari.

"Mimi sina mtoto," akaniambia. "Hiyo wimbo ndiyo mtoto yangu. Ukiipiga, sema ni ya Ndirangu. Hiyo tu."

Nikaapa. Nilimshika mkono nikaapa.

Tulimzika. Jumamosi ya pili baada ya mazishi tukaupiga wimbo ule, watatu tuliobaki, na wageni wakasimama kutupigia makofi. Mama mmoja mwenye shali akauliza ni nani aliyetunga kitu kizuri hivyo. Nikasema ni mimi. Usiniulize kwa nini, maana nimejiuliza mwenyewe hadi nimechoka. Nilidhani nitasahihisha wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika nikaona haya, na ya tatu nikawa nimezoea. Wenzangu wawili waliujua ukweli. Walitazama viatu vyao, nami nikajifanya sikuwaona. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, lakini yangu ilienda karibu mwaka mzima.

Ikafika Julai. Kama hujawahi kuwa kwetu Julai, ni baridi na ukungu tu. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila sisi kuona nyota hata moja. Saa tatu za usiku hivi nikatangaza, kama kawaida yangu, kwamba wimbo unaofuata nimeutunga mimi. Mtu wa meza ya mwisho akainua mkono taratibu. Alivaa buti za mpira na ile aproni ya plastiki ya wachuma chai. Nikajiuliza mlinzi wa getini alimruhusuje. Uso wake ulikuwa gizani.

"Samahani, ndugu yangu," akasema kwa upole. "Huyu mtoto amepewa jina ya nani?"

Sauti niliijua. Mungu wangu, niliijua, na bado nilikuwa na nafasi. Ningetaja jina moja tu, yangekwisha. Lakini watu walikuwa wananitazama, na yule mama wa shali alikuwa meza ya mbele anatabasamu.

"Yangu," nikasema.

Hakukasirika. Aliitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema. "Basi wewe chukua yangu."

Ukungu ukapasuka juu ya veranda, mahali padogo tu, upana wa blanketi. Na pale katikati nikakiona kilimia. Muulize mkulima yeyote mzee: Julai, saa ile, kilimia hakina kazi hapo, hakijachomoza. Kisha gita likaanza kulia, nasi hatukuwa na mpiga gita tangu tumzike. Niamini, liliupiga wimbo wote, noti moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama saksofoni mdomoni, pumzi haitoki. Ukungu ulipojifunga tena, kiti cha mwisho kilikuwa kitupu, kimelowa maji.

Makofi yakapigwa. Mama wa shali akaja kunipa mkono.

"Asante sana, Ndirangu," akasema.

Nilidhani amenitania. Lakini wenzangu, tulipokuwa tukikunja nyaya, waliniita Ndirangu, wala hawakuwa wakicheka. Mlinzi akaniaga kwa jina hilo. Nikampigia simu mama yangu, aliyenizaa na kunipa jina la babu yangu. Akapokea kwa sauti ya usingizi, akauliza, "Ndirangu, mbona unapiga usiku hivi?"

Siku hizi natubu kila Jumamosi. Nasimama mbele ya watu nasema wazi kwamba wimbo huu si wangu, ni wa Ndirangu. Watu hucheka. Wanaona najitaja mwenyewe kwa madaha. Nimejaribu kanisani, nimejaribu kwa mama, na kila ninavyoungama ndivyo ninavyozidi kujisifu.

Mwezi uliopita nilikwenda Othaya, kaburini kwa Ndirangu, kumwomba msamaha. Msalaba ulikuwa pale pale, na rangi nyeupe niliyoipaka kwa mkono wangu. Jina lililoandikwa juu yake ni la babu yangu. Yaani langu.

Nilipiga magoti nikalia, nakwambia kweli. Kwa hiyo wewe, mtu anayekufa akikukabidhi kitu chake, litaje jina lake mara ya kwanza utakapoulizwa. Mara ya kwanza, usingoje wiki ijayo.