Kumi kwa Kumi

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Mbeya ikiuma hasa, Sekela alikunywa uji na uji ukamtoka pembeni mwa mdomo. Akacheka, uso ukacheka nusu. Upande wa kushoto ulikuwa umelala, na jicho la upande huo halikufumbika hata alipolala. Mama mkwe alisema ni upepo. Majirani, wasio na kazi, walisema amerogwa.

Wiki ya tatu jicho lilikuwa limechubuka kwa vumbi na moshi wa jikoni. Mumewe, Saulo, akaleta habari: lori litapeleka wagonjwa hospitali ya misheni kule Iringa, kuna daktari anayeshona kope jicho lisikauke likafa. Nafasi ni nne tu. Atakayepimwa uso na kuonekana umeharibika sana ndiye atakayepanda.

"Nenda, mke wangu," alisema. "Jicho haliuzwi dukani."

Sekela akaenda zahanati. Alipoingia akamkuta daktari Mzungu, na kando yake mkalimani ameshika kalamu. Loo! Mkalimani wa kila siku alikuwa mgonjwa. Aliyekaa pale ni msafisha vidonda, Mzee Filemoni, baba yake Saulo.

Asiyewajua Wanyakyusa na asikie: mke hamtazami baba mkwe wala hakai naye chumba kimoja. Akimwona njiani hujitosa migombani mpaka apite. Sekela alijifunika kanga kichwa kizima, akachuchumaa akiangalia ukuta.

"Mwambie apandishe nyusi," alisema daktari. "Afumbe macho kwa nguvu. Ajaze mashavu pumzi. Apige mluzi. Aonyeshe meno. Kila anachoweza, mpe alama mbili."

Amwonyeshe meno baba mkwe! Ampigie mluzi! Heri ardhi ipasuke immeze.

Filemoni alijua. Angesema tu, "Bwana, huyu ni mkwe wangu, nipishe nitoke," yangekwisha. Lakini juzijuzi alikuwa amejigamba kwa daktari huyohuyo kwamba mambo ya kufichana ni ya washenzi, nyumbani kwake yalikwisha zamani. Basi mzee mzima akameza maneno. Utu gani huo, jamani?

"Hataki, bwana," alisema, akitazama dirishani.

Daktari akaivuta kanga kidogo. Binti wa miaka kumi na tisa, ametulia tuli, macho chini kwa heshima: uso wa ujana usio na kunyanzi ulionekana umenyooka.

"Mbona mzima huyu? Mpe alama zote. Aje mwingine."

Filemoni akaandika kumi kwa kumi.

Lori likaondoka. Mvua za kwanza ziliponyesha, jicho la Sekela lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha, halioni jua wala taa. Mama mkwe akamsifu kwa majirani: "Wengine wangekenua meno. Wangu ana adabu."

Sifa hizo hazikumaliza mwaka. Siku moja Sekela alikuwa akitoka mtoni na mtungi kichwani, anaimba, Mzee Filemoni akatokea njia ya kushoto. Hakumwona. Akampita karibu, kanga ikigusa koti la mzee, na wimbo ukaendelea. Watu wakashika midomo.

Jioni ukoo ukakutana. Sekela alikaa ndani na wanawake, mzee akiwa uani, maneno yakipitia kwa mama mkwe. Saulo alikaa kando ya baba yake.

"Sikumwona," Sekela alisema, akilia kwa jicho moja na jingine. "Hili la kushoto limekufa, mama. Mwambie baba limekufa."

Mama mkwe akatoka, akarudi na jibu. "Baba anasema huo ni uongo juu ya ufedhuli. Jicho lako lilipimwa na daktari, na yeye baba mwenyewe ndiye aliyeandika. Kumi kwa kumi."

Asubuhi Saulo alimsindikiza kwao Tukuyu, akarudi peke yake.