Bi Hodi wa Choo cha Wanaume

Jina la Bi Hodi alipewa na wagonjwa wa kiume. Kila alipotaka kuingia kusafisha choo chao, alisimama mlangoni na dekio mkononi, akakohoa, kisha akapaza sauti: "Hodi humo ndani." Wenye utani walimjibu, "Karibu mama, chai iko jikoni." Wenye haya walinyamaza, wakamaliza haraka haraka, wakatoka wameinamisha vichwa huku wakifunga mikanda. Wengine hawakujali kitu. Waliendelea na shughuli zao, mgongo umemwelekea yeye, naye akapiga dekio kona ya mbali, macho sakafuni. Haikupita muda wauguzi nao wakalidaka jina hilo, na mwishowe hata yeye mwenyewe alipopiga simu kazini alisema, "Ni mimi, Bi Hodi."

Hakuajiriwa kwa ajili ya choo kile. Miaka yake ya mwanzo katika hospitali ile kubwa aliifanya ghorofani, wodi ya wazazi, ambako alizoea vilio vya watoto na salamu za akina bibi waliokuja kuona wajukuu. Choo cha wanaume cha chini, kwenye korido ya kliniki, kilikuwa na mwenyewe: mzee mmoja mpole aliyefanya kazi na redio ndogo mfukoni. Mzee aliposhindwa na magoti akaenda kupumzika, kampuni ya usafi haikuleta mtu mwingine. Bi Hodi akaambiwa akishike kwa muda. Muda wenyewe haukuisha.

Nyumbani hakusema. Binti yake wa pekee alijua mama bado yuko wodi ya wazazi, na mkwe wake alijua hivyo hivyo. Si kwamba aliwadanganya. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakujua angeanzia wapi. Angesema nini? Kwamba anasafisha choo cha wanaume nao wakiwa humo humo? Alikuwa mjane wa siku nyingi, mtu wa kujisitiri, ambaye hata nguo zake za ndani alizianika chini ya shuka ili jirani asizione.

Huyo mkwe alikuwa fundi wa mafriji, bonge la mtu, kicheko chake kikisikika kabla hajafika mlangoni. Jumapili alikuja na mkewe, na kukaa kitini hawezi. Mara afungue feni, mara akaze bomba linalodondosha maji. "Mama, hili jiko lako ni kubwa kwangu kiumri," alikuwa akisema akilisugua kichomeo. "Nikilifungua lazima kwanza nilipe shikamoo." Bi Hodi alicheka mpaka machozi. Lakini pamoja na utani wote huo, mipaka ilikuwepo. Mkwe hakukaa kabla mama hajakaa. Naye mama hakumwita mkwe kwa jina hata siku moja. Alimwita baba.

Asubuhi ya tukio, korido ya kliniki ilikuwa imejaa. Bi Hodi alipiga hodi yake, akasikiliza, kimya. Akaweka kile kibao cha njano cha kuonya watu wasiteleze, akaingiza ndoo, akaanza na masinki. Alikuwa anasugua la pili aliposikia mguno kutoka kile chumba cha mwisho, ambacho komeo lake liling'oka zamani na hakuna aliyekuja kulirudisha licha ya kuripotiwa kila mara.

"Kuna mtu?" akauliza.

Hakujibiwa. Mguno ukaja tena, mrefu, wa mtu anayeuma meno. Mwaka uliotangulia mgonjwa mmoja alianguka humo humo akakutwa amepoteza fahamu, na aliyeulizwa alikuwa wapi ni yeye. Akausukuma mlango.

Mwanamume alikuwa amesimama, kiganja kimoja kimeegemea ukuta, suruali iko magotini, jasho linamtiririka shingoni. Bakuli la choo lilikuwa jekundu. Mtu yule aligeuza kichwa, wakatazamana, na alikuwa mkwe wake.

"Samahani," Bi Hodi akasema, kama ambavyo angemwambia mwanamume yeyote. Akarudisha mlango. Ulipokataa kukaa, akaushika kwa mkono mpaka ukatulia, ndipo akatoka nje na dekio linalochuruzika.

Angeweza kuondoka. Ndoo yake ilikuwa ndani, lakini ndoo si kitu, angeirudia. Hakuondoka. Akabaki ameegemea ukuta wa korido, na mkwe naye akakaa huko ndani muda mrefu, bila shaka akiomba kwamba akitoka asimkute mtu. Hatimaye alitoka. Mikono ilikuwa imelowa, shati amelichomekea vizuri.

"Shikamoo mama," akasema, sauti ile ile ya sebuleni.

"Marahaba, baba."

Wagonjwa walipita kati yao. Mkwe alitazama glovu za mpira za mama, akatazama ndoo iliyokuwa ikionekana kupitia mlangoni, akaelewa yote aliyokuwa hajaambiwa kuhusu wodi ya wazazi. Na Bi Hodi naye alikuwa ameelewa yake.

"Mama, naomba mwenzangu asijue," mkwe akasema taratibu. "Nitamwambia mwenyewe."

"Mimi sijaona kitu, baba."

Alidhani amemsitiri. Njiani kurudi nyumbani jioni ile ndipo alipogundua alichokifanya. Kama angemwambia nimeona, nenda katibiwe haraka, wangekuwa na pa kuanzia. Lakini alishasema hajaona, na mtu ambaye hajaona hana la kuuliza.

Jumapili iliyofuata binti alikuja peke yake. "Ana kazi," akasema. Na Jumapili iliyofuata kazi hazikuisha. Mara ya tatu binti alifika uso umevimba kwa kulia, akakaa kwenye kochi bila hata kuvua viatu.

"Mama, ulimwambia nini mume wangu?"

"Nimwambie nini mimi?"

"Nikitaja kuja huku anakuwa mkali. Na amehamia sebuleni, analala kwenye kochi, ati mgongo unamsumbua. Sasa hivi nguo zake za ndani anafua mwenyewe. Yule mtu, mama, ambaye hata soksi alikuwa hajui ziko wapi. Mwanaume anayejifulia chupi kwa siri anaficha nini?"

Bi Hodi alijua anaficha nini. Aliiona rangi yenyewe. Lakini hakulisema, kwa sababu neno likitoka lingetoka na mengine yote: choo, mlango, suruali magotini. Binti yake angejuaje kwamba mama amejua, bila kujua mama aliona nini?

"Labda anaumwa," akajaribu.

"Angeumwa angeniambia mimi. Mimi ndiye mke wake." Binti akapangusa macho kwa kiganja. "Kuna mwanamke, mama. Usimtetee."

Bi Hodi akaenda jikoni kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Mkwe akarudi kliniki. Bi Hodi alikuwa mlangoni pa choo akikamua dekio alipomwona anaingia kutoka upande wa geti, amepungua, mkanda umevutwa mpaka tundu jipya. Alitafuta kiti, akainua macho, akamwona. Hakukaa. Akageuka kama mtu aliyesahau kitu garini. Nesi alitoka na faili, akaita jina lake, akaita tena, akaweka faili chini ya mengine na kuita mtu mwingine.

Bi Hodi akaliacha dekio pale pale, akamfuata na aproni yake na glovu zake. Alimwona katikati ya magari, anatembea haraka kwa kuinama kidogo. Akataka kumwita. Jina lake hakuwa amewahi kulitamka, na hata sasa ulimi ulikataa. "Baba," akaita. "Baba." Wanaume kadhaa waligeuka kumtazama, madereva na walinzi na mzee mmoja mwenye fimbo. Yule aliyemtaka hakugeuka.

Siku ile ile alimwendea msimamizi wake, kijana wa kampuni ambaye ofisi yake ilikuwa stoo ya sabuni iliyotiwa meza.

"Nihamishe, mwanangu. Nirudishe juu, au nipeleke mochwari kama unataka. Pale chini sipawezi."

"Kuna aliyekulalamikia?"

"Hapana."

"Kuna aliyekugusa, amekutukana?"

"Hapana."

Kijana akakuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. "Sasa nitaandika sababu gani? Mama, wewe huna kesi. Nikimpeleka mwanaume choo cha wanawake, kesho asubuhi naitwa kujieleza. Lakini wanaume hawana shida na wewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuja kusema."

"Waje waseme nini? Kwamba wanaona haya?"

"Ungekuwa msichana, sawa. Wewe wanakuona kama mama yao."

"Hapo ndipo penye tatizo, mwanangu."

Kijana alingoja aendelee. Sababu aliyokuwa nayo Bi Hodi haikuwa yake ya kuitoa. Akasema basi, akashukuru, akarudi chini.

Alimwomba mwenzake wa choo cha wanawake wabadilishane. Mwenzake akakubali bila kinyongo, lakini milango ya vyoo vile ilitazamana, korido moja. Angekuwa upande huu au ule, anayetoka getini angemwona tu. Alijaribu pia kumuuliza nesi wa kliniki, kwa kuzunguka zunguka, kama mgonjwa aliyeondoka bila kuonwa anaweza kupigiwa simu. Nesi alimtazama kwa huruma. "Bi Hodi, mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Ni ndugu yako?" Akajibu kwamba hapana, ameuliza tu.

Kwa hiyo siku za kliniki ile akaanza kuugua. Alipiga simu, akasema kichwa, akasema tumbo, akabaki nyumbani amekaa kwenye ukingo wa kitanda, amevaa kabisa, akimwazia mkwe wake yuko kwenye foleni na korido ni salama. Mkwe, kama ilivyokuja kujulikana, hakukanyaga tena pale. Korido ilikuwa tupu kwa ajili ya mtu asiyekuja.

Mkwe alianguka akiwa kazini, kwenye duka la nyama, friji la watu limefunguliwa na vyuma vyake viko sakafuni. Mkojo ulikuwa umeziba tangu jana yake. Wakampeleka hospitali nyingine, upande wa pili wa mji, akapasuliwa. Binti alipopiga simu alikuwa anazungumza kwa utulivu uliomtisha mama yake.

"Ni uvimbe kwenye kibofu, mama. Daktari anasema umekaa sana. Anasema kama angekuja mapema kidogo, tungekuwa tunaongea mengine. Nami nilikuwa namwaza mwanamke. Alikuwa anavuja damu sebuleni kwangu, nami nanusa mashati yake. Hakuna aliyejua, mama. Hata mtu mmoja."

Bi Hodi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mlango wa choo. "Pole, mwanangu," akasema.

Siku alipokwenda kumwona, mkwe alikuwa amelala chali, mashavu yameingia ndani. Walisalimiana. Mama akauliza usingizi, mkwe akasema anapata. Binti alikaa kati yao akimenya chungwa, akieleza kwamba ule mpira wa mkojo umetolewa asubuhi na sasa ni kujaribu mwenyewe. Aliongea kwa uwazi, kama watu wanavyoongea hospitalini. Mkwe alitazama dari. Kisha nesi akaleta karatasi ya dawa, binti akashuka nayo duka la dawa la chini, wakabaki wawili.

Palikuwa na dirisha, na Bi Hodi alilishukuru. Alitazama nje paa la mabati na tangi la maji. Nyuma yake kitanda kikalia, kikalia tena. Aliujua mwendo ule wa mtu aliyebanwa. Aliuona kila siku ya kazi.

"Mama," mkwe akasema.

Bi Hodi akatoka kwenda meza ya wauguzi. Alikuwapo mmoja tu, amebeba sahani ya sindano. "Chupa iko chini ya kitanda, mpe tu," nesi akasema bila kusimama. "Daktari aliyempasua kasema asiiname. Si wewe ndiye mama?"

"Ni mkwe wangu."

"Basi ni mama."

Alirudi. Aliinama, akaitafuta chupa kwa kupapasa, uso wake ameuelekeza mlangoni, akaiweka mahali alipodhani mkono wa mkwe upo. Ukaipokea. Akavuta pazia la kitanda, akasimama upande wa pili akiwa amelipa mgongo. Alisikia pumzi zake, alisikia anajikaza, na hakusikia kitu kingine. Akaelewa kwamba akiwa pale haitawezekana. Akatembea mpaka mwisho wa korido, karibu na ngazi, akasimama hapo mikono imeshikana.

Binti alipanda na mfuko wa dawa, anahema. "Mbona umemwacha peke yake?"

"Napunga hewa."

Binti alimtazama, akasonya kidogo kwa uchovu, akapita. Kutoka pale ngazini Bi Hodi alisikia pazia likivutwa, kisha sauti ya mwanawe ikiuliza imekuwaje chupa imepinduka na shuka limelowa, na mama alikuwa hapa hapa. Mkwe akajibu kitu, lakini kwa sauti ndogo mno, na yeye hakusogea ili asikie.