Mgeni Aliyejitambulisha kwa Jina la Kisirani

Mgeni aliingia sebuleni kwangu, ukoo mzima umekaa unamsubiri, akaweka mkono kifuani na kusema kwa Kiswahili cha kukariri, lakini kilichonyooka:

"Shikamooni. Mimi naitwa Kisirani. Nimefika nyumbani."

Kaka yangu mkubwa alibaki na kijiko hewani. Wifi yangu akageuza shingo taratibu, akanitazama mimi. Wifi ananijua.

Ndugu zanguni, jina hilo nilimpa mimi.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Mkitaka kunisema kwenye maoni huko chini, nisemeni tu, nastahili.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea hapa hapa nyumbani, chumba cha mbele, na mdomo wangu hauna breki. Marehemu mume wangu alikuwa anasema nikipiga chafya, mtaa wa pili wanaitikia.

Nina mtoto mmoja tu, binti. Yuko chuo, anasoma Kichina, na tangu akiwa mdogo anataka kitu kimoja tu maishani. Ukalimani. Kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana na kuwafanya waelewane. Alianza na paka wetu.

"Mama, paka anasema umemkanyaga mkia na hujamwomba radhi."

Na mimi naomba radhi kwa paka. Ndivyo tulivyoishi.

Likizo ndefu ya mwaka huu akapata nafasi ya mafunzo kwa vitendo nje ya nchi. Asubuhi kazi kwenye ofisi ya kupokea mizigo, mchana darasa la Kichina, jioni anakaa na familia ya wenyeji ili lugha na maisha ya watu yamwingie vizuri. Nililia kwa furaha. Nikamshonea magauni, nikatangaza mtaa mzima.

Shida ilianza siku ya kwanza aliponipigia simu ya video.

Kakaa jikoni kwa watu, meza ndogo ya duara. Nyuma yake mwanamke wa rika langu, nywele fupi, aproni ya maua, anamenya kitunguu. Binti yangu akageuka, akamwita. Aliita kwa Kichina, lakini lile neno halihitaji kamusi.

"Umemwitaje huyo?"

"Mama. Ndiyo utaratibu wa programu, mwenyeji wako unamwita mama ili uzoee."

"Uzoee nini? Kwani mimi nimekufa?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Kijiba cha roho kilinishika, sitawadanganya.

Yule mama akasogea kwenye simu, akamshika binti yangu mabega, akanipungia mkono. Na mimi nikapunga, meno yote nje, nikasema kwa sauti tamu kabisa:

"Mwambie huyo kisirani aondoe mikono kwa mtoto wangu."

Binti yangu akamgeukia, akasema Kichina chake. Yule mama akanyoosha kidole kwangu, akajibu maneno mengi huku anatabasamu.

"Anasemaje?"

"Anasema hongera, umenilea vizuri."

Nikajua mtoto hakumfikishia nilichosema. Nikaona poa. Unamtukana mtu usoni, anakupa hongera! Nilicheka mpaka sindano ikanichoma.

Basi ikawa mchezo wangu wa kila jioni. Kisirani amekupikia nini leo? Mbona Kisirani kavimba shavu, ameng'atwa na nyuki? Wateja wangu wanashika mbavu, na mimi kichwa kinazidi kuvimba. Binti yangu anatafsiri, ananijibu kwa maneno matamu ya kule. Anasema anakuombea. Anasema gauni ulilonishonea ni zuri. Yakaingia sikio hili yakatokea lile.

Yule mama naye akashika jina. Kila nikisema "Kisirani", ananyoosha mkono juu kwa furaha kama mwanafunzi anayejua jibu.

Halafu binti yangu akaanza kukonda.

Simu zikawa fupi. Akisikia hatua za yule mama zinakuja jikoni, anashusha pumzi. Siku moja akaniambia, bila kuniangalia:

"Mama, nikirudi, Kichina basi."

"Basi vipi?"

"Ukalimani siuwezi."

Nikawaka. Ndoto ya mtoto wangu tangu enzi za paka, leo imekufa jikoni kwa watu!

"Ni huyo! Anakunyima chakula! Amekugeuza kijakazi! Mwite hapa, na leo umfikishie!"

Akaitwa. Nikamwaga yote. Siyarudii hapa, maana wengine mnasoma mkiwa na watoto pembeni. Binti yangu aliinamisha kichwa. Alipokiinua akaongea kwa upole, polepole. Yule mama akaanza kulia. Akafuta machozi kwa ncha ya aproni, akasema neno.

"Anasema atachukua likizo kazini anisindikize nikirudi. Anataka kukuona."

Nikasema na aje, nimemwandalia.

Ndivyo alivyokuja kusimama sebuleni kwangu siku ile.

"Dada alinipa jina hili," akaendelea, ananionyesha kwa mkono, anaona fahari.

"Kisirani ndio kimeingia hiki," wifi akanong'ona, "au kuna kingine kinakuja nyuma?"

Mgeni akafungua begi, akatoa aproni mbili. Amezitarizi mwenyewe. Mimi fundi, kazi ya mtu asiyezoea sindano naijua: herufi zimepinda, uzi umevutwa mpaka kitambaa kimejikunja. Moja imeandikwa DADA. Akanivalisha. Nyingine imeandikwa KISIRANI. Akaivaa yeye, akaifunga kamba, akageuka ili watu wote waione.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikakimbilia jikoni, nikajifanya natafuta vikombe.

Binti yangu akanifuata, akafunga mlango.

"Ulimwambia kisirani maana yake nini?"

"Mtu anayeleta baraka."

"Na ile siku ya chakula?"

"Nilimwambia umesema unalala kwa amani kwa sababu niko mikononi mwake. Ndipo akaamua kuja."

"Kwa nini lakini, mwanangu?"

"Ningesemaje, Mama? Nimezaliwa na wewe, nalala kwake. Nilitaka mpendane." Akaanza kupanga vikombe mezani. "Darasani kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba mkalimani haongezi, hapunguzi. Mimi kila jioni nimeongeza, nimepunguza. Nikikaa kula, natunga uongo wa simu inayofuata. Chakula kilikuwa kinajaa sahani. Ila kilikuwa hakinipiti kooni."

Jamani. Aibu ya sebuleni ilikuwa cha mtoto.

Nilimwangalia shingo ilivyokonda, nikakumbuka nilivyokuwa nacheka. Mtu aliyekuwa anamla mtoto wangu alikuwa mimi.

Mlango ukafunguka. Mgeni, na aproni yake, kaja kusaidia kubeba vikombe.

"Nitafsirie," nikamwambia binti yangu. "Vile vile. Usiongeze, usipunguze."

"Mama, una uhakika?"

"Vile vile."

Nikamweleza jina lina maana gani. Nikamweleza nilivyomsingizia kumnyima mtoto chakula, na wateja walivyocheka. Kila nikimaliza sentensi, binti yangu anaibeba na kuipeleka, sauti inakatika, lakini anaipeleka yote. Nilijua kwa sababu kila mara uso wa mgeni ulikuwa unaanguka kidogo zaidi.

Akaiangalia aproni yake. Akafungua kamba, akaivua, akaikunja herufi zikiwa ndani, akaiweka mezani. Ndipo akaongea, kwa muda mrefu.

Binti yangu akasita.

"Vile vile," nikasema.

"Anasema na yeye alikuwa na jina lako. Honi. Siku ya kwanza, ulipodhani anakupa hongera, alisema: mwambie hiyo honi ipunguze sauti, kitunguu changu kimeanza kulia chenyewe."

Ningecheka siku nyingine.

"Anasema alikuonea wivu, maana yeye hakujaliwa mtoto. Lakini aliliacha jina hilo mapema. Maneno yako yalikuwa mazuri mno, akaona haya kumsema vibaya mtu anayempenda hivyo."

"Maneno yangu?"

"Yangu, Mama."

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye kigoda, mbele yao wote wawili.

Kwa sababu mtoto wangu alitupikia uongo mtamu sote wawili, sufuria moja. Yeye ulimlainisha mpaka akakariri maneno ya Kiswahili, akashika sindano asiyoijua, akapanda ndege. Mimi niliukuta mezani kila jioni, na haukunigusa hata kidogo.

Mgeni alikaa siku zake, akawa mpole, akala, akashukuru. Wakati wa kuondoka akanipungia mkono.

"Kwaheri, Honi."

Hakutabasamu. Lakini hakukunja uso.

Aproni aliiacha. Nimeifumua jina uzi kwa uzi, nikaipiga pasi, na matundu ya sindano bado yanasomeka.

Chuo kinafunguliwa Jumatatu. Binti yangu hajasema kama anaendelea, na mimi sina uso wa kumuuliza. Jana nilimkuta uani, paka kalala miguuni kwake analia lia. Nikasimama mlangoni, nikasubiri.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Hajasema kitu, Mama."

Nyie mnaosoma, kama una mtoto anayekusemea kwa watu, iwe kwa lugha, iwe kwa baba yake, iwe kwa mwalimu, angalia unampa nini akabebe. Atabeba, atanyamaza, na siku utakayojua uzito wake atakuwa ameshachoka.

Nimeandika haya yote kwa herufi ndogo. Sijapaza sauti tangu siku ile.